Fomu ya Fedha Kwanza: Kuomba Vyuo Vikuu vya Nje kwa Kijana wa Familia ya Kipato cha Chini

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wazazi na walimu wao)

Wazazi wetu na walimu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Asanteni kwa kutupa Jumamosi yenu, hasa nyinyi mliotoka Rombo na Mwanga alfajiri.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa kabla hata ya kujaribu. Mwaka mmoja kwenye chuo kikuu cha Marekani chenye ushindani mkali, ukijumlisha ada, chumba, chakula, bima na vitabu, unapita dola 80,000, na vyuo kadhaa vimeshavuka 90,000. Mzazi akisikia hivyo anafunga mjadala, na hatumlaumu. Lakini bei ya chuo si bei utakayolipa wewe. Chuo cha dola 30,000 kikimpa mgeni punguzo la 10,000 kinamwachia deni la 20,000 kila mwaka. Chuo cha 90,000 kinachojaza pengo lote, yaani tofauti kati ya gharama na uwezo wa familia, kinaweza kumwachia mzazi wa Kibosho kuchangia nauli na sabuni. Hicho cha pili ndicho nafuu. Tunasema hivi kwa mkazo kwa sababu kila mwaka kuna vijana wenye divisheni ya kwanza wanaoomba vyuo vya bei ya kati wakidhani ndivyo vya watu wa hali yao, wanachaguliwa, na barua inaishia kabatini.

Kabla hujaweka chuo kwenye orodha yako, tafuta majibu ya maswali mawili. Je, kinajaza pengo lote la fedha kwa mwanafunzi wa kigeni? Na je, kuomba msaada kunapunguza nafasi yako ya kuchaguliwa? Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wanachagua bila kutazama mfuko wa mwombaji, hata akiwa mgeni, kisha wanajaza pengo lote. Dartmouth na Bowdoin waliingia kundi hilo mwaka 2022, na Brown kwa wanafunzi wanaoanza 2025. Kundi la pili ni vyuo kama Grinnell, Macalester, Colby, Smith, Wellesley na Mount Holyoke. Hawa wakikuchukua wanajaza pengo, ila wakati wa kuchagua wanaangalia pia bajeti yao ya wageni inafika wapi. Mabinti, hivyo vitatu vya mwisho ni vyuo vya wanawake. Wengi wenu mnaviruka kwa kutovijua tu.

Kanada kuna ufadhili wa Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto, unaolipa ada, vitabu na malazi kwa miaka minne. Huo hauuombi mwenyewe moja kwa moja: shule inamteua mwanafunzi mmoja, na inamteua mapema kuliko tarehe za kawaida za Marekani. Mkuu wa shule asipojua kwamba upo, hakuna wa kuteuliwa. Walimu mliopo hapa, ombi letu la kwanza kwenu ni hilo.

Sasa jambo gumu, na tulisema tusiwafiche. Desemba 2025 Rais wa Marekani alitia saini tangazo lililoiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo utoaji wa visa kadhaa, zikiwemo za wanafunzi, umesimamishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Matangazo ya namna hii hubadilishwa, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wenyewe, usitegemee maneno ya vijiweni, na usilipe ada ya visa kabla ya kuthibitisha. Ushauri wetu ni kwamba kila mwombaji mwaka huu awe na angalau vyuo viwili nje ya Marekani kwenye orodha, na akichaguliwa Marekani aulize mara moja, kwa maandishi, kama anaweza kuahirisha mwaka mmoja bila kupoteza msaada wa fedha. Hayo maneno ya mwisho msiyasahau. Kuna chuo kitakachokutunzia nafasi lakini kikakutaka uombe msaada upya.

Tuingie kwenye fomu ya fedha, na hapa tutakaa. Vyuo vingi hivyo vinatumia CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya shirika la Marekani liitwalo College Board, inayofunguliwa tarehe 1 Oktoba. Ile nyingine mtakayoiona mtandaoni, FAFSA, ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Usiijaze.

CSS Profile inataka mapato ya mwaka mzima, na mzazi asiye na hati ya mshahara anasema, "Sisi hatuna mapato." Hapana, yapo, ila hayajawahi kuandikwa. Chukueni karatasi tuhesabu familia ya mfano, bei zikiwa za kukisia. Ng'ombe mmoja anatoa lita nne za kuuza kwa siku, kwa shilingi 1,000, siku 270 za kukamuliwa: 1,080,000. Mikungu mitatu ya ndizi kwa wiki, kwa 8,000: 1,248,000. Kahawa kilo 150 kwa 5,000: 750,000. Kaka aliyeko Dar es Salaam anatuma 50,000 kila mwezi: 600,000. Jumla 3,678,000. Toa pumba, dawa ya ng'ombe na mbolea, tuseme 480,000. Inabaki 3,198,000. Hayo ndiyo mapato, na kila mstari una ushahidi wake: stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa kahawa, taarifa ya miamala ya simu kwa fedha za kaka, daftari la maziwa kama lipo.

Fomu inajazwa kwa fedha ya nchi yako. Chagua shilingi ya Tanzania, uandike 3,198,000. Usibadilishe mwenyewe kuwa dola. Na kabla ya kutuma, rudi mwanzoni uhakikishe ni shilingi kweli imeandikwa pale, kwa sababu ikibaki dola, mzazi wako anasomeka kama mtu mwenye mapato ya dola milioni tatu. Afisa wa chuo anaweza kugundua na kukuuliza, au asiulize.

Halafu matumizi. Familia ya mfano ikiandika matumizi ya milioni sita wakati mapato ni milioni tatu, msomaji atauliza nyingine zinatoka wapi. Jibu huwa lipo: chakula kinatoka shambani, mkopo wa vikoba, ada inalipwa na mfadhili au parokia. Liandike kwenye sehemu ya maelezo maalumu, kwa sentensi fupi zenye tarakimu. "Mahindi, maharage na ndizi tunazokula zinatoka shambani kwetu na hazimo kwenye mapato" ni sentensi inayofanya kazi kubwa kuliko ukurasa mzima wa kulalamikia umaskini.

Kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, kinawatesa wengi. Fomu inauliza thamani ya ardhi na nyumba. Mwingine anaacha wazi, mwingine anaandika bei ambayo dalali angeitaja kwa kiwanja cha barabarani, milioni themanini, na ghafla anaonekana ana mali ya kuuza. Andika makadirio ya kweli ya ardhi ya kilimo kijijini kwenu, kisha eleza: ardhi ni ya ukoo, imerithiwa, haina hati, haiuzwi nje ya ukoo, na ndiyo inayolisha familia. Usifiche. Kuificha mali ni uongo, na uongo kwenye fomu ya fedha unaweza kukunyang'anya nafasi hata ukiwa umeshafika chuoni.

Mzazi ambaye hajasajiliwa TRA aombe barua ya mtendaji wa kata au mwenyekiti wa kijiji. Barua ile ya mistari miwili, "huyu ni mkazi wangu na ni maskini", haisaidii. Itaje jina kamili la mzazi, kazi yake, makadirio ya mapato ya mwaka, idadi ya wanaomtegemea, tarehe, saini, namba ya simu ya ofisi na muhuri unaosomeka. Tafsiri ya Kiingereza aifanye mtu asiye ndugu, kwa mfano mwalimu wa Kiingereza, aandike jina na wadhifa wake, asaini, shule igonge muhuri. Tuma zote mbili pamoja.

Kama mzazi mmoja hayupo maishani mwako, chuo bado kinaweza kumtaka ajaze fomu yake. Kuna ombi la kusamehewa sharti hilo. Linahitaji maelezo ya mtu wa nje anayeijua familia: mchungaji, padri, shehe, mwalimu, ofisa ustawi wa jamii. Kwa aliyefariki, cheti cha kifo. Unayelelewa na bibi, sema mapema, maana chuo kinaweza kutaka karatasi za ulezi na kuzipata huchukua muda.

Fomu hiyo inatozwa dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila chuo kinachofuata. Andikia ofisi ya misaada barua pepe ya mistari mitano: jina, shule, nchi, mapato ya familia kwa mwaka, na ombi la msimbo wa kusamehewa ada. Baadhi watakupa msimbo, baadhi watakuambia wanatumia fomu yao ya bure. Ada ya maombi yenyewe nayo huombewa msamaha ndani ya Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, na Grinnell, Colby, Carleton, Smith na Wellesley hawaitozi kabisa.

Na kuna kisanduku kinachouliza: je, utaomba msaada wa fedha? Wako mawakala wanaowashauri vijana waweke "hapana" ili wachaguliwe kirahisi, eti msaada utaombwa baadaye. Vyuo vingi haviruhusu mgeni aliyejiunga bila msaada kuuomba katika miaka yote minne. Kijana anachaguliwa, familia inauza ng'ombe, anasoma muhula mmoja, anarudi. Anayekupa ushauri huo hakutakii mema.

Upande wa masomo tutapita haraka, isipokuwa alama. Msomaji wa Marekani amezoea kwamba A ni 90 na kuendelea. Akiona 66 kwenye karatasi ya shule yako anafikiri umeyumba, kumbe kwa NECTA kidato cha nne hiyo ni B, na 75 ni A. Kidato cha sita A inaanzia 80. Shule iandae ukurasa mmoja unaoonyesha viwango hivyo, idadi ya wanafunzi, wangapi walipata divisheni ya kwanza mwaka uliopita, na kwamba mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hana uhuru wa kuongeza masomo apendavyo kwa sababu tahasusi imepangwa. Ukurasa huo ukiandikwa vizuri mara moja, unatumika kwa miaka.

SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, inafanyika kwa kompyuta, saa mbili na dakika 14, kwenye kompyuta mpakato au tableti. Simu hairuhusiwi. Msamaha wa ada yake si kwa raia wa kigeni. Kama fedha hiyo haipatikani, elekeza nguvu kwa vyuo visivyoidai: Bowdoin, Smith na Macalester ni mfano. MIT, Harvard na Brown wanaidai.

Kwenye shughuli za nje ya darasa, acheni kuhangaika kutafuta vyeo vya klabu. Common App ina nafasi kumi, na ndani yake kuna aina iitwayo majukumu ya familia na nyingine ya kazi ya kulipwa. Kukata majani ya ng'ombe saa 10 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, ni shughuli halali. Una herufi 150 tu za kuieleza, nafasi zikihesabiwa, kwa hiyo anza na kitenzi na weka tarakimu: unalisha ng'ombe wangapi, unauza lita ngapi, unatunza daftari la nani.

Walimu, barua zenu zinasomwa kwa makini kuliko mnavyodhani. "Ni mtiifu na ana nidhamu" inaandikwa kwa kila mtoto wa Tanzania. Eleza swali aliloliuliza darasani, jaribio la fizikia alilolirudia, namna alivyomfundisha mwenzake. Na mzitume wenyewe, kwa simu au kompyuta yenu. Barua inayotumwa kupitia kifaa cha mwanafunzi inatiliwa shaka kwamba kaiandika mwenyewe, na shaka hiyo inaua ombi zima.

Majina yalingane. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kikisema Emanuel, cha NECTA Emmanuel, NIDA ikaongeza jina la ubatizo, utakwama Uhamiaji Juni, wakati muda umeshakwisha. Weka vyeti vyote mezani leo ulinganishe herufi kwa herufi. Pasipoti ni shilingi 150,000, na marekebisho ya jina kwa hati ya kiapo yafanyike kabla ya kuiomba.

Kuhusu muda: Common App inafunguliwa 1 Agosti, maombi ya kawaida yanafungwa siku za kwanza za Januari, majibu yanatoka kufikia mwisho wa Machi na unajibu kufikia 1 Mei, mwezi uleule wa mtihani wa kidato cha sita. Wa bweni hamna simu. Kwa hiyo likizo ya Juni ni ya insha na hesabu za mapato mkiwa na wazazi, na likizo ya Desemba ni ya kutuma. Mwenye JKT baada ya mtihani amwachie ndugu mmoja mwaminifu nenosiri la barua pepe, kwa sababu barua ya chuo inayotaka jibu ndani ya siku saba haitamsubiri atoke kambini.

Karatasi ya mapato tuliyoihesabu imechapishwa, iko kwenye meza ya mlangoni. Wazazi wachukue mbili: moja ya kujaza kwa penseli leo, nyingine ya kupeleka kwa mtendaji. Sasa tupokee maswali, tuanze na waliokaa nyuma.