Bibi Alituuliza: Kaambiwa na Nani?

Mmeniuliza sisi watafiti wa maisha ya watu tuufikishe vipi utafiti wetu kwa umma. Mnaonifahamu mnajua kwamba nitaanzia Bagamoyo. Nimeanzia huko kila nilipopewa kipaza sauti, na nitaendelea mpaka tuelewane.

Mwaka 1903, huko Göttingen, Ujerumani, msomi Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha desturi za Waswahili. Mwandishi wake mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Ndani yake mna uzazi, jando, unyago, harusi, utani, utumwa, madeni. Na kimeandikwa kwa Kiswahili! Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1981. Sasa niambieni, nani kati yetu amewahi kukisoma pamoja na watu wa Bagamoyo wenyewe?

Mimi nilikwenda na kurasa nilizotoa kopi, nikaketi barazani baada ya alasiri, nikaanza kusoma habari za harusi. Mkalimani hakuhitajika. Sijamaliza ukurasa, mzee mmoja akanikatiza: "Hapo anasema ya wenye uwezo. Kwetu sisi hayakuwa hivyo." Mwenzake akamjibu kwamba kwao yalikuwa hivyo hivyo, na kwamba babu yake alioa kwa mkopo. Wakabishana mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Muda wote huo bibi mwenye nyumba alikuwa akichagua mchele, hakusema neno. Kesho yake nilipofika kwenye unyago, akanyanyua kichwa. "Mwanangu, huyo Mtoro si mwanamume?" Ndiye, bibi. "Basi haya ya unyago kaambiwa na nani?"

Jamani! Hilo ndilo swali tunalohangaika kumfundisha mwanafunzi wa uzamili muhula mzima: umejuaje, nani kakwambia, na kwa nini akwambie wewe? Bibi hakungoja semina.

Najua mtakavyonijibu, maana nimeshajibiwa hivyo mara nyingi: umma hautaki mbinu, unataka matokeo, toa mambo matatu, weka na picha. Nimefanya hivyo. Nilihojiwa redioni kuhusu wavuvi niliokaa nao. Nikasema kwamba baadhi ya manahodha, katika kijiji kimoja, hufukiza ubani kabla ya kushusha chombo kipya, na kwamba vijana wao wanawapinga. Tangazo la kipindi likasema wavuvi wa pwani wanategemea mashetani. "Baadhi" ikatoweka, ubishi wa vijana ukatoweka, kijiji kikawa pwani nzima. Nahodha aliyenipokea kwake akanipigia simu: "Mwanangu, mwaka mzima tumekula sahani moja, ndiyo ukaenda kutusema hivyo?" Sikuwa na jibu. Ukiondoa lile la umejuaje, unachowapelekea watu ni umbea wenye shahada.

Naoneshwa saa, kwa hiyo mengine haraka. Kubadili majina ya watu tunaowaandika ili wasijulikane: tunajidanganya. Kijiji chenye kungwi mmoja na manahodha watatu, hata mtoto atajua umemsema nani. Lugha: tunaandika kwa Kiingereza juu ya watu tuliozungumza nao Kiswahili, kisha tunaomba fedha za kutafsiri muhtasari wa kurasa mbili "kwa ajili ya wananchi". Hilo linanichoma, lakini nimeshalisema kwingine.

Nimalizie ya bibi. Siku ile wazee walipoinuka kwenda msikitini, alinishika mkono: "Uje Alhamisi na hizo karatasi zako. Wanaume wasiwepo."

Nilikwenda. Tulikuwa wanawake wanane, mlango umefungwa, tukasoma kurasa chache tu mpaka usiku. Walinionyesha Mtoro alipokosea na alipopatia, wakabishana ni nani aliyemwambia. Wenzangu chuoni wananihimiza niyaandikie makala. Lakini wanawake wale waliniomba yasitoke chumbani mle, nami niliwakubalia kabla sijafungua daftari.