Kabla Hujaniagiza Kigari cha Mtoto, Nihesabie Ngazi za Kwenu

Mwangaluka, ndugu zangu! Kwa wasio Wasukuma, habari za asubuhi. Leo siko Winnipeg, Kanada, ninakoishi. Nimekaa juu ya jabali nyuma ya nyumba ya mama, Igogo, hapa Mwanza. Ziwa mnaliona pale chini. Mwanangu ana miezi minane, amelala ndani, kwa hiyo nitaongea polepole. Aliyeshika simu ni mdogo wangu. Ana mimba ya miezi saba, na kusema kweli video hii nairekodi kwa ajili yake kwanza, halafu nyie wote mnaoniandikia: "Dada, nakaribia kujifungua, ukija niletee kigari."

Kigari chenyewe hiki hapa. Sogeza simu, waone gurudumu la mbele.

Kule Winnipeg nilikitumia kila siku. Njia za miguu zimenyooka, basi lina sehemu ya kukiegesha, na Januari baridi inaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, mtoto unamfunika humo vizuri. Nikakipenda, nikasema lazima nije nacho nyumbani. Sasa hapa, kutoka bajaji inapotushusha mpaka mlangoni kwa mama, kuna ngazi 74. Nimezihesabu. Nyingine za saruji, nyingine ni jiwe lenyewe. Siku tuliyofika mama alimfunga mjukuu wake mgongoni kwa khanga akapanda naye, mimi na kaka tukabaki nyuma tumebeba kigari kitupu, huku kwato za mbuzi zikitupita. Siku ya tatu nikajaribu kushuka nacho, mtoto akiwemo, nikifikiri nikienda taratibu nitaweza. Nikashindwa, nikamtoa nikampa jirani. Hatua chache mbele gurudumu likaingia kwenye ufa wa jiwe, likang'oka. Nilikaa pale kwenye ngazi natetemeka, jamani. Dakika mbili kabla alikuwa humo ndani.

Kwa hiyo mtu akiniagiza kigari sasa, namuuliza kwanza: kwenu kuna ngazi ngapi? Kama unaishi tambarare huko Buswelu na njia ni nzuri, sawa, tuongee. Kama uko Mabatini, Igogo au Bugando mlimani, hela hiyo ina kazi nyingine.

Mbeleko ndiyo nataka tuiongelee kwa heshima yake. Kule nilikoishi, mikoba ya kubebea mtoto inauzwa bei kubwa, na kinachoangaliwa ni miguu: ikae imeachana, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, kama chura. Ukimnyoosha mtoto mchanga miguu na kuifunga kwa nguvu, nyonga inaweza kuteguka au isikae sawa kwenye kikombe chake. Nilipoelezwa hivyo nikamkumbuka mama, maana khanga mgongoni inampanua mtoto miguu hivyo hivyo, na hakuna aliyekwenda kusomea. Ninachowasihi ni shingo. Mtoto ambaye shingo haijakaza abebwe kifuani, uso wake ukiuona, pua wazi, kidevu kisigande kifuani kwake. Kumfunga wa wiki mbili mgongoni, kisha ukamfunika gubigubi na kitenge jua la saa nane, hapana. Hujui anapumua vipi.

Kitanda. Hapa ndipo mdogo wangu na mimi tumebishana wiki nzima. Yeye ameona picha za vitanda vyenye mito pembeni, vishada, matandiko ya manyoya. Vinapendeza, sikatai. Lakini mtoto mchanga analazwa chali, kwenye godoro gumu kidogo na lililo bapa, bila mto, bila sponji za pembeni, bila mdoli. Uingereza walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na vifo vya watoto wanaofariki ghafla usingizini vikashuka sana. Marekani mwaka 2022 walitunga sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa zile sponji za pembeni. Ndugu yangu, kitu ambacho wenzetu wamekiondoa dukani kwa sababu kinaua watoto, sisi tusikitafute kwenye mitumba tukidhani ni cha kisasa.

Na kitanda si lazima kitoke nje. Mafundi seremala tunao. Nimeshamwambia mdogo wangu twende kwa fundi tukiwa na kopo la soda. Kule Kanada nafasi kati ya fito na fito haitakiwi kuzidi sentimita 6, kwa sababu mwili wa mtoto unaweza kupenya halafu kichwa kikabaki. Kopo la soda la kawaida, si lile jembamba, ni nene kuzidi hapo kidogo. Likipita kati ya fito, mrudishie fundi kazi yake. Upande mmoja usishuke wala kuteleza, vitanda vya namna hiyo vimepigwa marufuku huko. Godoro lijae mpaka ukutani mwa kitanda, vidole viwili vikiingia pembeni basi ni dogo. Na miguu minne iwe mirefu kiasi cha kuchomekea chandarua chini ya godoro bila kukivuta.

Maana chandarua hakina mjadala hapa kwetu kanda ya ziwa. Chenye dawa, kisichotoboka. Mdogo wangu alipewa chake kliniki, hudhurio la kwanza, na alikuwa amekiweka kabatini eti anasubiri mtoto azaliwe! Jana usiku tumekitundika. Malaria ikimpata mama mjamzito inamfikia na mtoto tumboni, anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mtoto kinaanza kazi kabla hajazaliwa.

Woka, kile kigari cha kujifunzia kutembea, simung'unyi maneno: usinunue. Kanada ilikipiga marufuku kabisa mwaka 2004, kuuza na kuingiza, hata vya mtumba. Watoto walikuwa wanaanguka navyo kwenye ngazi. Nimewaambia ngazi zetu ni 74. Na hakimsaidii kutembea mapema. Mtandikie mkeka atambae.

Kiti cha gari ni tofauti, na hapa mama na mimi tulikubaliana baada ya safari moja. Tulikwenda kwa shangazi Sengerema. Zamani Kigongo mnakumbuka, unasubiri kivuko. Sasa daraja la kilomita 3 limefunguliwa tangu Juni 2025, unavuka Busisi kwa dakika chache. Barabara nzuri ina maana magari yanakimbia. Mwanangu nilimfunga kwenye kiti chake, akitazama nyuma, kwa sababu kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko shingo yake na gari likisimama ghafla mgongo wa kiti ndio unampokea. Kama familia ina gari, kinunueni. Kama usafiri wenu ni bajaji na daladala, hakina mkanda wa kukishika, kitakaa uvunguni. Cha mtumba angalia tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye plastiki, na kama hujui kilishawahi kupata ajali au la, kiache.

Kule kwa shangazi, hatua hamsini kutoka ziwani, ndiko nilikoona kifaa ambacho sikuwahi kukifikiria: ndoo mbili zenye vifuniko. Maji ya kumwogesha mtoto yanatoka ziwani, na ziwani kuna kichocho. Yale mabuu yanatoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi, mtoto hahitaji kuyanywa. Shangazi anachota asubuhi mapema sana, anachuja kwa kitambaa, anafunika, anayaacha siku mbili kamili, maana mabuu hayaishi muda huo bila kupata mwili. Ndoo moja inatumika, nyingine inasubiri. Akiwa na gesi anayachemsha, yanapoa, basi. Na nepi hazifuliwi kwa kusimama ziwani mtoto akiwa mgongoni na miguu imegusa maji. Shangazi, kama unatazama, nakushukuru.

Pampasi sitapoteza muda, kila mtu anajua mfuko wake na maji yake. Chupa za maziwa nilileta sita, sijafungua hata moja; miezi 6 ya kwanza ni titi tupu, na ukikamua, kikombe kidogo na kijiko vinaoshwa safi kuliko chupa yenye kona.

Nikiulizwa kitu kimoja cha kuniagiza, ni hiki, kinaingia mfukoni: kipimajoto cha kidijitali. Kiganja hudanganya. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, usimtafutie dawa ya jirani wala usingoje asubuhi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Mkubwa kidogo, homa ipimwe malaria kabla ya kumeza chochote.

Kwa hiyo sanduku langu la kilo 23 ninaloacha kwa mdogo wangu lina vipimajoto viwili, shuka nne za kubana godoro na nguo za mwanangu zisizomtosha tena. Kigari nitakitengeneza gurudumu nirudi nacho Winnipeg. Wewe unayetaka kuniagiza, niandikie mtoto atalala wapi, maji mnachota wapi, na ngazi ni ngapi. Nitakujibu mmoja mmoja. Huyo ameamka, mnamsikia. Mdogo wangu, zima.