Mwani na Kisukari: Usiache Vidonge Vyako

Nimeshasema mara nyingi na leo nasema tena: kuzuia kimeng'enya, yaani protini inayosaga chakula mwilini, ndani ya chupa ya maabara siyo kutibu kisukari. Kila inapovuma habari kwamba mwani, majani ya baharini, unashusha sukari, naulizwa lile lile: "Dokta, niache vidonge?" Usiache.

Tafuna kipande cha mkate, usikimeze. Punde kinaanza utamu. Hiyo ni amilesi, kimeng'enya cha mate, inakata wanga. Kazi inaendelea kwenye utumbo mwembamba, na huko kimeng'enya kingine, alfa-glukosidesi, humalizia kutoa glukosi, ile sukari inayoingia kwenye damu. Sasa mwani wa kahawia, kama Ascophyllum nodosum na Ecklonia cava, una florotanini, kemikali za asili za mwani huo, zinazopunguza kasi ya vimeng'enya hivyo, sukari isipande ghafla baada ya mlo. Siyo jambo la kubuni. Akabosi, dawa ya kisukari, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Lakini akabosi ina kipimo, miligramu zinajulikana. Madhara yake yanajulikana: tumbo kujaa gesi, maana wanga usiosagwa huchachushwa na bakteria kwenye utumbo mpana. Na anayeitumia pamoja na insulini, sukari ikimshuka, hupewa glukosi yenyewe. Sukari ya mezani itamchelewa, kwa kuwa nayo yahitaji kukatwa na vimeng'enya vile vile vilivyozuiwa. Mambo kama hayo, ambayo mtu anaweza kuzimia kwa kutoyajua, nani ameyapima kwa ule unga wa mwani wa kwenye kopo? Florotanini hubadilika kwa aina ya mwani, msimu wa kuvuna, hata namna ya kukausha. Majaribio kwa watu bado ni machache na madogo, na matokeo hayaafikiani.

Mtaniambia metformini, kidonge cha kisukari, nayo imetokana na mmea. Ni kweli! Mmea wa Galega officinalis una kemikali ya galejini, inayoshusha sukari, ila ni sumu. Wakemia wakatengeneza jamaa zake walio salama zaidi, wakachuja, wakapima, na mwaka 1957 Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya metformini kwa wagonjwa. Marekani ikaiidhinisha 1994. Hakuna daktari anayemwambia mgonjwa akatafune galega. Njia hiyo ndiyo ninayoudai mwani upitishwe, na inaniuma kuona wauzaji wa makopo wanawatangulia watafiti.

Haraka haraka sasa, hatari nyingine za mwani. Madini joto: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na gramu moja tu ya kelpu, aina ya mwani wa kahawia, yaweza kupita hapo mara kadhaa, tezi ya shingo ikavurugika. Mwani wa hijiki una sumu ya aseniki; msiule. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, kongosho lenu halitoi insulini ya kutosha na mwani hauwezi kuziba pengo hilo, kwa hiyo sindano ziendelee. Fukoidani, kemikali nyingine ya mwani wa kahawia, imeonekana maabara ikichelewesha damu kuganda. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ameshaanza makopo hayo, aje tuzungumze kabla hajaondoka.