Kijiji cha India: anza na watoto

Jamani hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia. Mtu akikuletea takwimu za kijiji cha India kutoka sensa ya 2011, usianze na jumla ya watu. Jedwali mnalijua lilivyo, kaya ngapi, wanaume, wanawake, wanaojua kusoma. Nyie nendeni moja kwa moja kwenye mstari wa watoto wa miaka 0 mpaka 6, wavulana wangapi wasichana wangapi.

Kwa nini nang'ang'ania watoto? Kwa sababu watu wazima wanahama. Chukua wilaya ya Almora, kule milimani jimbo la Uttarakhand, wanawake 1,139 kwa kila wanaume 1,000, mtu anasoma anafurahi anasema hawa wanawathamini wanawake kwelikweli, kumbe wanaume wameshuka mijini kutafuta kazi. Ukienda kwa watoto wa wilaya hiyohiyo unakuta wasichana 922 kwa wavulana 1,000. Kimaumbile ilitakiwa iwe kama 950 hivi, maana wavulana huzaliwa wengi kidogo. Sasa njoo jimbo la Haryana: wasichana 834! Na wilaya za Jhajjar na Mahendragarh hazikufika hata 800. Yaani kijiji kina wavulana 100 wa umri huo, wasichana hawafiki 80, ukiingia tu anganwadi, kile kituo cha kulelea watoto, unaona kwa macho bila hata kalamu.

Kuna mtu ataniambia wasichana wanapungua kwa sababu ya umaskini. Hapana, hilo jibu limenichosha. Haryana na jirani yake Punjab ndo majimbo ya ngano na matrekta, wakati jimbo la Chhattisgarh, maskini na lenye Adivasi wengi, yaani watu wa makabila ya asili, lilikuwa na 969. Vijijini India nzima 923, mijini 905. Altrasaundi inaonyesha jinsia ya mtoto tumboni, akiwa binti wengine wanatoa mimba, na kipimo hicho kinamfikia kwanza mwenye hela. Sheria ya 1994 inakataza kabisa mzazi kuambiwa jinsia ya mtoto aliye tumboni, na bado hizi ndo namba tulizopata miaka 17 baadaye.

Tatizo liko kwenye ndoa na shamba. Haryana binti haolewi kijijini kwao, watu wa kijiji kimoja wanahesabiana ndugu, kwa hiyo karibu kila mke unayemkuta pale kazaliwa kijiji kingine na kila binti anayekua pale ataondoka, shamba linabaki kwa watoto wa kiume. Halafu mahari kule inatoka kwa wazazi wa binti, sio kama kwetu, ilipigwa marufuku 1961 na watu wanaendelea kutoa. Sasa vijana wamekua wanakosa wake, familia zinaleta mabinti kutoka Assam, West Bengal, Odisha, wanawaita molki, aliyenunuliwa. Binti wa watu anafika hajui lugha ya nyumba ile, chakula kigeni, ndugu wa kumkimbilia hana. Mimi hili linaniuma sana.

Matabaka naona muda umenibana, niseme haraka tu. Dalit, wale wa chini kabisa waliokuwa wanaitwa wasioguswa, ni asilimia 16.6 ya Wahindi wote, Adivasi 8.6, ila Punjab Dalit wanakaribia 32 kwa hiyo msichukue wastani wa nchi mkaubandika kijijini. Matabaka mengine sensa haijayahesabu yote tangu 1931, mwaka 2025 serikali ilitangaza itayahesabu kwenye sensa inayofuata. Na nani anamiliki ardhi, hilo kwenye jedwali la kijiji mtalitafuta hamtalipata, inabidi mwende mkaulize wenyewe.

Haya, maswali.