Tamaa Gani Hii Inayojua Kuchagua?

Mwangaluka! Wazee wangu, akina mama wa mwaloni kunakoshushwa samaki, vijana wa bodaboda, asanteni kwa kuja. Leo nitasema waziwazi, kwa hiyo wenye watoto wadogo wawatoe nje kidogo.

Habari ya ubakaji ikifika kijiweni, la kwanza kusemwa ni kwamba jamaa tamaa ilimzidi. La pili, binti alikuwa amevaaje. Hebu tuende kambi ya dagaa kisiwani. Mwenye mitumbwi kambaka binti anayemwanikia dagaa. Jana yake huyo bwana alikaa meza moja na mke wa ofisa uvuvi, mama kapendeza kweli, na tamaa haikumzidi hata kidogo. Imekuwaje? Anajua nani akipiga yowe watu watakuja. Binti anakula kwa mkopo wa huyo bwana, analala kwenye kibanda cha huyo bwana, hata nauli ya kurudi kwao iko mfukoni mwa huyo bwana. Aliyepiga hesabu hizo zote hakupotewa na akili. Na nyinyi vijana mnaocheka huko nyuma, mmekataliwa mara ngapi mkaenda zenu mkinung'unika? Tamaa mnayo.

Sheria yetu ya Tanzania imeliona hili tangu 1998, Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Someni kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu. Kinawataja kwa makusudi mwenye mamlaka anayetumia cheo chake, mtumishi wa mahabusu, mtumishi wa hospitali, kiongozi wa dini, na mganga wa kienyeji anayembaka mteja wake. (Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa mganga kaingiaje humo.) Wote hao wameshika kitu ambacho mwenzao anakihitaji. Kifungu hichohicho kinasema si lazima mwathirika awe na majeraha ndipo ithibitike kwamba hakuridhia. Basi tuache kuuliza mbona hana alama. Woga unamgandisha mtu akashindwa hata kuinua mkono. Kwa mbakaji aliye mtu mzima, kifungo hakipungui miaka 30. Ila mke anayeishi na mumewe sheria hiyo imemwacha nje, na hapo nasema bila kuzunguka: imekosea.

Mwaka huohuo wa 1998, hapo Arusha, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda. Majaji walisema ubakaji, kama mateso, hutumika kumtisha mtu, kumdhalilisha, kumwadhibu na kumtawala. Walisema pia kwamba unaweza kuwa njia ya kuangamiza kabila zima. Nani atasema pale kulikuwa na ashiki?

Tukirudi kwetu, kinachoniudhi zaidi ni kumalizana. Wazee wanakaa, ng'ombe wanatajwa, baba anapokea, binti hakuulizwa. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, haiuzwi na ukoo. Na wakati kikao kinaendelea muda unakwisha: dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora. Asioge, nguo zisifuliwe, aende hospitali, na polisi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto na PF3, fomu ya polisi ya matibabu.

Kwa mliotoka visiwani, hapo ndipo penye ugumu. Boti inaondoka asubuhi, na mara nyingi mwenye boti ni yuleyule bwana. Viongozi wa mialo mmekaa hapa mbele. Kabla ya chai nataka mtutajie, mwalo kwa mwalo, usiku kama huo itatumika boti ya nani na mafuta atatoa nani.