Sukari ya Nani? Ontolojia na Mifumo ya Hospitali Kuelewana

Ndugu wasikilizaji, tuanze na neno moja: sukari. Daktari wa Mbagala akiliandika kwenye faili, huenda anataja ugonjwa. Mtu wa maabara akiandika "sukari 5.5", anataja kipimo. Kwenye kadi ya mjamzito, ni ile ya mkojo, iliyopimwa kwa kijiti. Muuguzi halimtatizi, kompyuta ndiyo inayokwama.

Kusafirisha taarifa kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ni kazi nyepesi siku hizi, FHIR, yaani kiwango cha kubadilishana taarifa za afya kati ya mifumo, inatosha. Ujumbe unafika salama, ila aliyepokea hajui amepokea nini. Hapo ndipo inapohitajika misimbo ya pamoja, na ontolojia, yaani mpangilio wa dhana unaoeleza pia zinavyohusiana.

LOINC, orodha ya misimbo ya vipimo, hueleza kila kipimo kwa mambo sita: kinachopimwa, aina ya kiasi, muda, sampuli, namna ya kutoa jibu, na njia pale inapohitajika. Ndiyo maana glukosi ya damu nzima kwa milimoli ina msimbo 15074-8, na ya seramu au plazma kwa miligramu ni 2345-7. Jibu la 5.5 mmol/L ni sawa na 99 mg/dL. Unazidisha kwa 18. Kizio kikipotea njiani, 5.5 ikasomwa kama miligramu, mtu mzima mwenye afya njema anaonekana yuko mahututi kwa kushuka sukari.

Malaria nayo ina mtego wake. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, iliyothibitishwa kuwa ya kimelea cha falciparum ni B50. Iliyotambuliwa kwa dalili tu, bila kuona vimelea, ni B54. Anayezitupa zote B50 anaharibu takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya nchini, kimyakimya. Lakini ICD ni ya kuhesabia. Msiidai kazi ya ontolojia. SNOMED CT, ontolojia ya maneno ya kitabibu, ndiyo inayosema malaria ya falciparum *ni aina ya* malaria na *husababishwa na* kimelea fulani, hivyo ukiuliza malaria zote, mfumo unazikusanya wenyewe.

Mkianza kulinganisha maneno yenu na misimbo hii, toeni kwenye hifadhidata maneno yote yanayotumika, myapange kwa wingi wa matumizi, mshike ya juu kwanza. Watu wawili, mmoja awe mtabibu, walinganishe kila mmoja kivyake, kisha wakutane kwenye yanayopishana. Kila ulinganisho uandikwe: sawa kabisa, pana zaidi, au finyu zaidi. "Homa" isilazimishwe kuwa malaria, hata kama mtaani ndivyo tunavyosema.

Na neno la asili lisifutwe. Lihifadhiwe pembeni ya msimbo, pamoja na toleo lililotumika, maana mtakapohamia ICD-11, toleo linalofuata, mtaanzia kwenye neno lile, si kwenye B54.