Nani Kawaambia Mzee Apumzike?

(Mhadhara wa Siku ya Wazee, Dodoma, kama ulivyotolewa na muuguzi mstaafu)

Shikamooni wazee wangu. Mbukwenyi. Vijana, naona mmepanga viti vizuri, na kila mzee aliyetokea mlangoni mmemkimbilia wawili wawili: mmoja kashika kiwiko, mwingine anasukuma kiti nyuma ya magoti. Hata mimi nimekalishwa. Nina miaka 68, nimekuja hapa kwa miguu kutoka Chang'ombe, halafu nakalishwa kama gunia la mtama! Nashukuru kwa heshima. Ila hiyo heshima ndiyo niliyokuja kugombana nayo.

Mnaonifahamu mnajua nitakachosema, kwamba mzee anahitaji kazi ya mwili ili kinga yake isilegee, maana nimekisema kanisani, kliniki na hata msibani, mpaka wanangu wananiita Mama Mazoezi. Leo nitaanza na dhambi yangu mwenyewe.

Nilipomaliza nyumba yangu kule Kikuyu, nilimleta mama kutoka kijijini, upande wa Mvumi. Kule kijijini alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anateka maji, analima uwele wake, anakimbizana na vitoto vya mbuzi. Mimi, nesi mzima, nikaona mama anateseka. Nikamnunulia kochi. Nikamwekea televisheni. Nikatafuta dada wa kazi, nikampa amri moja tu: bibi asishike kitu. Mama akichukua ufagio, dada anamnyang'anya. Akisimama, tunauliza kwa pamoja kama kwaya, "Mama unataka nini? Kaa, utaletewa." Majirani wakanisifu, wakasema huyu ndiye mtoto wa kuzaa.

Mwaka haujaisha, mama akitaka kuinuka kwenye kochi anashika mikono yote miwili ya kochi, anajisukuma, anarudi chini, anajisukuma tena. Nikasema ni uzee. Mwezi wa saba, baridi na upepo mnaujua, akapata kikohozi kikashuka kifuani kikawa nimonia. Kapona. Hajakaa sawa, yakamtoka malengelenge ubavuni, mstari mmoja kutoka mgongoni mpaka chini ya ziwa. Mkanda wa jeshi. Usiku haivumilii hata kanga. Siku moja namfunga dawa akaniambia, "Mwanangu, umenifunga kwa kamba ndefu, lakini mbuzi ni wa kamba tu."

Sasa siwezi kuapa mbele yenu kwamba kochi ndilo lililomletea mkanda wa jeshi. Umri ulikuwa unasogea pia, na wapo wakulima hodari wanaopata. Lakini ugonjwa huo una funzo lake. Kirusi chake ni kilekile cha tetekuwanga uliyougua utotoni. Hakikuondoka. Kimejificha kwenye mishipa ya fahamu miaka 50, 60, kinalindwa na kinga yako kisitoke. Siku walinzi wakilegea, kinatoka. Kifua kikuu kilicholala mwilini nacho kina tabia hiyohiyo. Kwa hiyo swali la mzee si vijidudu vinavyotoka nje tu. Ni nani yuko zamu ndani.

Wale mliopitia JKT pale Makutupora mtanielewa haraka. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi inaitwa thaimasi. Hiyo ndiyo depo, kambi ya mafunzo. Kuruta, yaani askari wapya wa kinga, wanaingia humo, wanafundishwa kumtambua adui na, muhimu zaidi, kutompiga mwenyeji. Wanaofuzu wanaitwa seli T. Depo hii inaanza kusinyaa mtu akishabalehe, na nafasi yake inajaa mafuta. Ukifika umri wetu, kuruta wapya wanaotoka ni wachache mno. Waliobaki ni askari wa zamani wanaojua vita vya zamani. Akija adui mgeni, kama yule wa korona wa 2020, wanashikana mashati nani aende mbele.

Nilisomeshwa kwamba hilo halina dawa. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Birmingham na wa King's College London, kule Uingereza, walichapisha habari za waendesha baiskeli 125, wenye umri wa miaka 55 hadi 79. Si watu wa baiskeli ya kwendea sokoni. Mwanamume ili akubaliwe ilibidi aweze kilomita 100 ndani ya saa sita na nusu, mwanamke kilomita 60 ndani ya saa tano na nusu. Wamepanda baiskeli sehemu kubwa ya maisha yao ya utu uzima. Damu yao ikalinganishwa na ya wazee wenzao wenye afya ambao hawakuwa na mazoezi ya kudumu, na ya vijana. Kuruta wapya kwenye damu ya wale wazee wa baiskeli walikuwa kama wa vijana! Mmoja wa wanasayansi waliotia jina kwenye kazi hiyo, Norman Lazarus, naye ni mwendesha baiskeli, na wakati huo alikuwa ameshavuka miaka 80.

Tusidanganyane. Askari wazee waliochoka hawakupungua kwa wale waendesha baiskeli, walikuwa wengi vilevile. Baiskeli haikurudisha kila kitu. Na watu hao walijichagua wenyewe, pengine walizaliwa imara. Lakini mnaosema "uzee ni uzee tu", hamna tena pa kujificha.

Inakuwaje mguu uisaidie tezi ya kifuani? Msuli si kamba ya kuvutia mfupa tu. Unapofanya kazi unamwaga kwenye damu kemikali za kupeleka ujumbe. Nyingine zinailisha kinga, nyingine zinapoza uvimbe, ule moto wa mwili unapopambana na ugonjwa. Na mzee ana uvimbe wa chinichini, kama makaa yaliyofunikwa majivu: hayawaki, hayazimi, yanachosha mwili mchana na usiku. Mafuta ya tumboni yanayachochea. Msuli unayapoza. Ukimkalisha mzee, mafuta yanaongezeka na msuli unapungua, umempiga mara mbili.

Nasikia mtu pale nyuma anasema, "Mbona bibi yangu hakufanya mazoezi na kafa ana miaka 90?" Mwanangu, bibi yako alitwanga! Kinu kimoja cha uwele, mkono juu, mgongo chini, mtoto mgongoni, ndoo kichwani baadaye. Hakuvaa raba na hakuwa na fulana ya jogingi, ndiyo maana hukuyaona mazoezi yake. Wewe umempelekea mashine ya kusaga, sawa, hata mimi nataka unga laini. Ila ulipoichukua ile kazi ulimpa nini badala yake? Tangu 2016 serikali ilivyohamia huku, nyumba za uzio zimeota kama uyoga, na ndani ya kila uzio kuna mama wa mtu amekaa anaangalia geti.

Lingine naliletewa na wasomi: "Mazoezi yanashusha kinga, tumesoma." Habari hiyo ilitokana zaidi na wakimbiaji wa marathoni, walioulizwa baada ya mbio kama wamepata mafua. Kisha watu wakapima damu baada ya zoezi wakakuta askari wamepungua, wakapiga kelele wamekufa. Hawajafa. Unapofanya zoezi, moyo ukienda mbio, askari wanatolewa kambini wanajaa kwenye damu. Ukipumzika wanaondoka kwenda doria, mapafuni, tumboni, penye milango ya adui. Ukihesabu kwenye damu saa mbili baadaye, lazima ukute pengo. Mwaka 2018 hiyohiyo, watafiti wawili, Campbell na Turner, waliandika kuipinga ile hofu ya zamani. Na hata hivyo, nani hapa anakimbia marathoni?

Turudi kwa mama. Aliomba kurudi kijijini, nikakataa kwa ubishi. Tukakubaliana nusu: nikampa kuku, banda nyuma kabisa ya uwanja, na kijishamba cha mlenda. Dada wa kazi nikambadilishia amri. Kisha akina mama wa kanisani wakamwita kwenye ngoma, muheme wenyewe, unasimama na ngoma katikati ya mapaja unapiga kwa viganja. Siku ya kwanza wimbo haukufika nusu, magoti yakamtetemeka, akawekewa kigoda, akalia. Wiki ya pili alimaliza wimbo mmoja. Baada ya kama miezi mitatu nilimkuta uani anamfukuza jogoo kwa fimbo, na kochi limelaliwa na paka.

Nimeletewa kikaratasi. Dakika tano. Ndiyo hivyo, mama kanimalizia muda tena.

Haraka basi. Shirika la Afya Duniani linataka mzee apate angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, ya kujizuia usianguke siku tatu. Chanjo: Illinois, Marekani, 2009, wazee waliofanya mazoezi ya kuupandisha moyo miezi kumi, kinga ya chanjo yao ya mafua ilidumu zaidi kuliko ya wenzao waliojinyoosha tu. Chakula nilitaka kukisema, protini hasa, choroko, mayai, tutaongea siku nyingine. Mwenye presha, moyo au kisukari aonane na daktari wake kwanza. Ukiwa na homa, hapo ndipo upumzike, tena ulale. Kifua kikibana, acha hapohapo.

Sasa naomba kila mtu asogee mbele ya kiti, miguu chini, mikono kifuani. Simama bila kushika. Kaa. Simama. Mzee wa kofia ya kijani, fimbo weka pembeni, kijana asimame karibu nawe lakini asikushike! Asikushike nimesema. Aa, umeona? Tena. Kumi tu.

Soda ziko nje, mwisho kabisa wa uwanja, nyuma ya mwarobaini. Nimewaambia wahudumu hakuna wa kuletewa kitini.